Wabunge wa New York huko Albany: sauti ya jiji au sauti ya mitaa?

Katika sheria za jimbo la New York kuna maneno yanayojirudia kiasi cha msomaji kuyazoea: "jiji lenye wakazi milioni moja au zaidi." Utayakuta kwenye sheria za kodi, za shule, za nyumba za kupanga na za usalama barabarani. Majiji ya jimbo hilo ni mengi, lakini lenye sifa hiyo ni moja tu. Buffalo, ambalo ni la pili kwa ukubwa, halikufikisha watu laki tatu katika sensa ya 2020. Kila anayeyasoma maneno hayo, awe hakimu au mpangaji, anajua kwamba linalosemwa ni jiji la New York, na anajua pia kwamba sheria aliyoishika mkononi haikutungwa jijini humo. Ilitungwa Albany, makao makuu ya jimbo, kilomita zipatazo 240 kuelekea kaskazini.

Wageni wengi hushangaa wakilielewa jambo hili. Jiji lina meya anayejulikana dunia nzima, madiwani 51 na bajeti inayozidi dola bilioni 100 kwa mwaka. Kati ya watu milioni 20.2 wa jimbo waliohesabiwa mwaka 2020, milioni 8.8 ni wakazi wake, yaani karibu asilimia 44. Hata hivyo, katika kodi zake kubwa, ni ile ya majengo peke yake ambayo jiji linaweza kuipandisha bila kuomba ruhusa. Kodi ya mapato na kodi ya mauzo ziko mikononi mwa Bunge la jimbo. Nauli za treni na mabasi hupangwa na shirika la usafiri, MTA, ambalo mwenyekiti wake huteuliwa na gavana. Tangu mwaka 1971 jiji limezuiwa kuweka masharti ya kodi za pango yaliyo makali kuliko yale ya jimbo. Kila mwanzo wa mwaka meya hupanda Albany kueleza mahitaji ya jiji mbele ya kamati za bajeti, na siku hiyo wenyeji wameipa jina la siku ya kopo la bati. Kwetu ingeitwa siku ya kutembeza bakuli.

Wanaomsikiliza meya siku hiyo, kwa sehemu kubwa, ni watu wa jijini mwake. Kati ya viti 150 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo, takriban 65 vinatoka katika wilaya tano za New York (Manhattan, Brooklyn, Queens, Bronx na Staten Island), na katika Seneti yenye viti 63 jiji lina zaidi ya theluthi. Kwa hesabu hiyo mtu angetegemea kwamba jiji haliwezi kukosa linachokitaka. Ukweli ni kwamba limekosa mara nyingi, na mara kadhaa limekosa kwa mikono ya wabunge wake wenyewe. Swali ninalotaka kulipima ni hili: mbunge aliyechaguliwa na mitaa kadhaa ya Queens anapofika Albany, wajibu wake ni kupeleka kile ambacho meya na madiwani wameomba, au ni kuisemea mitaa yake hata inapopingana na jiji? Pande zote mbili zina hoja nzito, na mimi mwenyewe nimeyumba kati yake kabla ya kufika nilipofika.

Wanaotaka wabunge wawe wajumbe wa jiji huanzia kwenye historia, na historia inawaunga mkono. Katiba ya jimbo ya mwaka 1894 iliwekwa masharti ya makusudi ya kulipunguzia jiji nguvu: hakuna kaunti moja iliyoruhusiwa kuwa na zaidi ya theluthi ya maseneta, wala kaunti mbili zinazopakana, au zinazotenganishwa na maji tu, kuwa na zaidi ya nusu yao. Ukitazama ramani na kuona Manhattan na Brooklyn zikitazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, huhitaji kuambiwa sharti hilo lilimlenga nani. Masharti ya namna hiyo ya kugawa viti yalidumu miaka sabini, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoyatengua mwaka 1964 kwa msingi kwamba uzito wa kura ya mtu mmoja usizidi wa mwingine. Watu waliopigania haki hiyo hawakuipigania ili wabunge wa jiji wakifika Albany wafanye kazi ya wale waliokuwa wakilikandamiza.

Kisha kuna sheria yenyewe. Katiba ya jimbo inasema kwamba Bunge likitaka kutunga sheria maalumu inayogusa mali, mambo au serikali ya mji mmoja, mji huo uwe umeomba kwanza, ama kwa theluthi mbili za madiwani, ama kwa meya pamoja na wengi wao. Kwa miji mingine gavana anaweza kutoa hati ya dharura na Bunge likaendelea bila ombi hilo. Kwa New York njia hiyo imezibwa waziwazi. Ungedhani huo ni ukuta imara. Lakini tangu kesi ya Adler dhidi ya Deegan ya mwaka 1929 ukuta umekuwa na mlango mpana. Bunge lilikuwa limetunga sheria ya majengo ya wapangaji kwa miji yenye watu zaidi ya laki nane, na mji wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema afya ya watu wanaoishi katika majengo yale ni jambo linalolihusu jimbo zima, hivyo Bunge lilikuwa na haki. Tangu hapo, karibu lolote linaweza kuitwa jambo la jimbo. Kinga ya maandishi ikidhoofika, wanasema watu wa upande huu, kinga inayobaki ni watu, yaani wabunge waliotoka jijini, na wao nao wakigawanyika jiji limebaki uchi.

Mfano wao mkubwa ni wa Mei 1999, na ni mfano unaouma. Tangu mwaka 1966 watu wanaofanya kazi New York na kulala nje ya jiji walikuwa wakilipa kodi ndogo ya mapato, asilimia 0.45 ya mshahara. Mtu aliyepata dola 50,000 kwa mwaka alilipa dola 225, kiasi ambacho kwa siku hakifiki hata bei ya kikombe cha kahawa. Kwa jiji, hata hivyo, senti hizo zilikusanyika na kuwa mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka, fedha za kuwalipa zimamoto, polisi na wafagiaji wanaomhudumia huyohuyo mfanyakazi wa mchana. Mwaka ule kulikuwa na uchaguzi mdogo wa kiti kimoja cha Seneti katika kaunti za Rockland na Orange, nje ya jiji, ambako kodi hiyo ilichukiwa. Vyama vyote viwili vilikitaka kiti. Republican walioshika Seneti wakaja na muswada wa kuifuta kodi, na Baraza la Wawakilishi, lililokuwa mikononi mwa Democrat na chini ya Spika Sheldon Silver aliyechaguliwa na wakazi wa kusini mwa Manhattan, likaupitisha katika muda mfupi mno. Meya Rudolph Giuliani alipinga, na jiji likaenda mahakamani. Muswada uliwaondolea kodi wakazi wa jimbo peke yao na kuwabakizia wale wa New Jersey na Connecticut, na mwaka 2000 mahakama ikasema ubaguzi huo hauruhusiwi, kwa hiyo kodi ikafa kwa wote. Kiti chenyewe kilichukuliwa na Republican. Jiji lilipoteza fedha zile moja kwa moja, na chama ambacho spika wake alizitoa hakikupata hata hicho alichokuwa akikinunua.

Nikiutazama mfano huo peke yake, ningeona hakuna haja ya kuendelea na mjadala. Haiwezekani mtu akaeleza ni mkazi gani wa kusini mwa Manhattan aliyefaidika kwa mwajiriwa wa Rockland kusamehewa dola 225. Mbunge hapa hakuwa sauti ya jiji, wala hakuwa sauti ya mitaa yake.

Lakini upande wa pili nao una mifano yake, na ukiisikiliza kwa haki unagundua kwamba meya si jiji. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya kupunguza idadi ya wanafunzi darasani katika shule za umma za New York: wasizidi 20 kwa madarasa ya chini hadi la tatu, 23 hadi la nane, na 25 sekondari, utekelezaji ukienda hatua kwa hatua hadi mwaka 2028. Meya Eric Adams hakuifurahia. Alisema itagharimu fedha nyingi, madarasa hayapo, na shule zenye wanafunzi maskini, ambazo nyingi tayari zina madarasa madogo, zitanyimwa fedha ili zipelekwe kwenye shule zilizofurika za mitaa yenye nafuu. Ni hoja za kweli, na utekelezaji umethibitisha kwamba ujenzi wa madarasa hauendi haraka. Hata hivyo walioisukuma sheria hiyo hawakuwa wabunge wa mashambani waliotaka kulikomoa jiji. Walikuwa wabunge wa jiji wenyewe, akiwamo Seneta John Liu wa Queens, ambao kwa miaka mingi wazazi walikuwa wakiwaonyesha madarasa yenye watoto thelathini na zaidi. Meya ndiye mwenye shule. Bunge lilimpa mamlaka hayo mwaka 2002 na limekuwa likiyarefusha kwa vipindi tangu wakati huo. Mzazi asiyesikilizwa na ofisi ya meya angekwenda wapi, kama mbunge wake wa Albany naye angekuwa tarishi wa meya huyohuyo?

Hali ni hiyohiyo katika sheria ya wapangaji ya Juni 2019. Wabunge wa jiji waliweka ukomo wa amana kuwa mwezi mmoja wa pango, wakafuta utaratibu uliokuwa ukiziondoa nyumba kwenye udhibiti wa pango mpangaji anapohama, na wakapunguza sana kiasi ambacho mwenye nyumba anaweza kukirudisha kupitia pango baada ya matengenezo. Wenye nyumba wanalalamika hadi leo kwamba nyumba kuukuu zinabaki zimefungwa kwa sababu gharama za kuzikarabati hazirudi, na wapo wachumi wanaowaunga mkono. Lakini kwa mpangaji aliyekuwa akidaiwa pango la miezi mitatu kabla ya kukabidhiwa ufunguo, nguvu za Albany zilifanya kitu ambacho jiji, kwa sheria ile ya 1971, lisingeruhusiwa kukifanya hata kama madiwani wote 51 wangekitaka. Jimbo linaweza kulifunga jiji mikono, ni kweli. Linaweza pia kuwa mahali pa kukatia rufaa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni ule wa tozo ya msongamano, kwa sababu unaweza kuusoma kwa upande wowote. Mwaka 2007 Meya Michael Bloomberg alipendekeza magari yanayoingia katikati ya Manhattan yatozwe fedha, na mapato yaende kwenye usafiri wa umma. Serikali kuu ya Marekani iliahidi dola milioni 354 endapo mpango ungepita. Mwishoni mwa Machi 2008 madiwani waliukubali kwa kura 30 dhidi ya 20. Wiki moja baadaye ulikufa Albany. Wabunge wa Democrat wa Baraza la Wawakilishi walikutana faraghani, na Silver akatoka kutangaza kwamba hauna uungaji mkono wa kutosha, hivyo hautapigiwa kura. Fedha zilizoahidiwa zikaondoka.

Anayetetea uhuru wa mbunge atasema demokrasia ilifanya kazi. Mashariki ya Queens kuna maeneo makubwa yasiyo na treni ya chini ya ardhi. Mtu wa huko hutegemea basi hadi kituo cha mwisho cha treni, au gari lake. Wabunge wa huko walikuwa wakisema walichosikia makanisani na kwenye vikao vya mitaa. Anayetetea jiji atajibu kwamba hata katika wilaya hizo, wengi wanaofanya kazi Manhattan husafiri kwa treni na basi, na kwamba wenye magari ndio wenye nafasi ya kwenda kwenye vikao. Mimi naona majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Kisichokuwa na utetezi ni namna jambo lilivyoisha. Madiwani 50 walipiga kura, na kila mkazi wa New York angeweza kusoma diwani wake alisimama wapi. Wabunge walilizika jambo hilohilo bila hata mmoja wao kuandikwa jina. Mkazi wa Brooklyn aliyetaka kumpongeza mbunge wake, au kumng'oa, hakuwa na cha kushika.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona mgogoro huu kwa namna nyingine. Tunauliza mbunge amtii nani, ilhali ndani ya jengo la Bunge kuna bwana wa tatu ambaye hatajwi katika swali letu, naye ni wingi wa viti. Spika hupata uspika kwa kuwa chama chake kina viti vingi, na viti vinavyoamua wingi huo mara nyingi haviko jijini, kwa kuwa jijini chama chake kinashinda tu. Viko vitongojini, Long Island, Westchester, bonde la Hudson. Kwa hiyo mbunge wa Manhattan akiwa spika anageuka kuwa mlinzi wa kiti cha Rockland. Cheo kinachompa nguvu ya kulisaidia jiji ndicho kinachomtaka aliache wakati mwingine. Jambo hilo halikuondoka na Silver aliyeuacha uspika mwaka 2015. Mwezi Juni 2024, tozo ya msongamano, ambayo hatimaye ilikuwa imepitishwa mwaka 2019, ilisimamishwa na Gavana Kathy Hochul zikiwa zimebaki wiki chache ianze. Alitaja ugumu wa maisha. Wachambuzi wengi wakatazama kalenda ya uchaguzi wa Novemba na viti vya vitongojini. Ilianza 5 Januari 2025, kwa dola 9 badala ya 15 zilizokuwa zimepangwa.

Wala wingi wa viti hauhitaji hata mtu wa kitongojini ili uliumize jiji. Kuanzia mwaka 2011 kundi la maseneta waliochaguliwa kama Democrat, likiongozwa na Jeff Klein wa Bronx, lilijitenga na kushirikiana na Republican katika Seneti, na kadiri miaka ilivyokwenda wengi wa wanachama wake walikuwa wa jijini. Walipata kamati na nafasi. Wao walisema wanaleta matokeo badala ya kelele, na kuna sheria walizozipitisha. Lakini sheria za wapangaji zilikwama muda wote huo, na wapiga kura walipokuja kulielewa kundi hilo vizuri, katika uchaguzi wa awali wa Septemba 2018, waliwaondoa sita kati ya wanane. Miezi tisa baadaye sheria ya wapangaji ilipita. Wapiga kura wale waliweza kuhukumu kwa sababu ushirikiano ule ulikuwa na jina na orodha ya wahusika. Hilo ndilo lililokosekana mwaka 2008.

Nieleze sasa jambo moja dogo, kwa kuwa katika mambo madogo ndipo ukubwa wa tatizo unapoonekana. Oktoba 2013 mtoto wa miaka 12 aligongwa na gari akafariki karibu na nyumbani kwao Brooklyn. Wazazi wake, pamoja na familia nyingine zilizopoteza watu barabarani, walidai jiji liruhusiwe kushusha mwendo kutoka maili 25 kwa saa hadi 20, yaani kutoka kilomita 40 hivi hadi 32. Angalia neno hilo: liruhusiwe. Muswada haukulazimisha mwendo wowote. Uliliachia jiji liamue barabara kwa barabara. Mwezi Juni 2023 mama wa mtoto huyo alifika Albany na kugoma kula ili wabunge waupigie kura. Seneti iliupitisha. Baraza la Wawakilishi, ambalo spika wake, Carl Heastie, ni mtu wa Bronx, lilifunga kikao bila kuupigia kura, huku wabunge wa jiji wenyewe wakiwa hawajakubaliana. Mzazi aliyemzika mwanawe alikuwa anakaa na njaa kilomita 240 kutoka kwenye barabara ile, akiwaomba watu waliochaguliwa na majirani zake walipatie jiji lao ruhusa ya kubadilisha kibao cha barabarani.

Muswada ulipita mwaka uliofuata, ndani ya bajeti ya Aprili 2024, na ulipopita ulikuwa umeondoa, nje ya Manhattan, barabara zenye njia tatu au zaidi za magari kwa upande mmoja. Barabara pana ndizo ambazo magari hukimbia zaidi. Lakini ndizo pia ambazo mkazi wa wilaya za nje hupita akienda kazini, na mbunge wake alikuwa akimwakilisha alipodai ziachwe. Hata hapa, basi, siwezi kusema mbunge huyo alikosea kuwa na maoni yake. Ninachosema ni kwamba jambo lenyewe halikupaswa kuwa mbele yake. Diwani wa mtaa uleule alikuwa na uwezo wa kulisemea, akiwa karibu zaidi, na akiwa na wajibu wa kukutana na wakazi wake kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo nilipofika ni hapa. Mbunge wa jiji ana haki ya kupingana na meya, na jiji linanufaika anapoitumia haki hiyo, kama walivyonufaika watoto wa shule na wapangaji. Hana haki ya kuitumia bila jina lake kuandikwa, na hana sababu ya kuitumia katika mambo ya mwendo wa magari mtaani. Jiji lingepewa mamlaka juu ya mambo yake ya kila siku, mbunge angebaki na kazi iliyo yake kweli: fedha za shule, kodi, treni zinazovuka mipaka ya kaunti, haki ambazo mkazi anahitaji kulindiwa dhidi ya serikali ya jiji lake.

Msimamo huo una doa, na sitaki kulificha. Tozo ya msongamano ilipita mwaka 2019 ndani ya bajeti. Ruhusa ya kushusha mwendo ilipita mwaka 2024 ndani ya bajeti. Katika bajeti gavana na viongozi wa mabaraza mawili hujifungia, hukubaliana, kisha wabunge huletewa furushi kubwa la kurasa ambalo ni vigumu kulikataa lote kwa sababu ya kipengele kimoja. Mbunge wa Queens aliyeiogopa tozo aliweza kuwaambia wapiga kura wake kwamba alikuwa anapigia kura fedha za shule zao. Giza lile lililouua muswada mwaka 2008 ndilo lililouzalisha mwaka 2019. Ningedai kura ya wazi kwa kila jambo la jiji, pengine tozo isingekuwapo hadi leo, na treni zingekosa dola bilioni 15 za ukarabati ambazo tozo hiyo inategemewa kuzidhamini. Wanaojua Albany husema hiyo ndiyo bei ya kufanikisha mambo magumu. Nakubali kwamba ni bei. Sikubali kwamba mkazi aendelee kuilipa bila kuonyeshwa risiti. Kilichopatikana gizani mwaka 2019 kilisimamishwa kwa tangazo la mtu mmoja mwaka 2024, na wabunge wengi walinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesimama hadharani kukimiliki.

Maswali haya yamepata sura mpya tangu 1 Januari 2026, Zohran Mamdani alipoapishwa kuwa meya. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa sababu alizaliwa Kampala mwaka 1991. Kwa mjadala huu kilicho muhimu zaidi ni kwamba alikuwa mmoja wa hao takriban 65. Kuanzia mwaka 2021 aliwakilisha Astoria, Queens, katika Baraza la Wawakilishi, na yeye na Seneta Michael Gianaris ndio waliosukuma majaribio ya mabasi ya bure: njia tano, moja kwa kila wilaya, kuanzia Septemba 2023. Abiria waliongezeka. Mwaka mmoja baadaye majaribio yalikoma, kwa kuwa hayakuendelezwa katika bajeti ya jimbo, na wewe uliyekuwa ukipanda basi lile bila kulipa ulirudi kulipa bila kuona kura yoyote iliyosema iwe hivyo.

Ahadi zake mbili kubwa, mabasi ya bure jijini kote na nyongeza ya asilimia mbili ya kodi kwa wanaopata zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, zote ziko Albany. Mwenye nauli ni MTA, mwenye kodi ni Bunge, na mwaka huu wa 2026 gavana anakabiliwa na uchaguzi ambao hauamuliwi na jiji peke yake. Wabunge wanaopinga wana hoja ya kusikilizwa: matajiri wanaweza kuhama, na MTA inahitaji mapato ya nauli ili kulipa madeni yake. Wanaounga mkono wanasema zaidi ya milioni moja ya wapiga kura walimchagua meya huyu wakizijua ahadi hizo. Mbunge wa Staten Island ana haki ya kusema hapana kwa niaba ya watu wake, na yule wa Bronx, ambako basi ndilo gari la watu wengi, ana haki ya kusema ndiyo. Ninachokingoja ni kuona kama mabasi yatapewa muswada wao na siku yao ya kupigiwa kura, kila jina likiandikwa mbele ya mtaa wake, au kama yatayeyuka tena katikati ya furushi la bajeti, na abiria wa Bronx aendelee kugusisha kadi yake mlangoni asijue amwulize nani.